Kindi Hana Neno Hata Moja

Ukimwona mwanamke huyu njiani, kazi yake huidhanii. Ni mrefu, ana kifua kipana, anatembea polepole kama aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni, na ana miaka sabini na miwili ambayo hamfichi mtu. Kumbe ni kindi. Miaka kumi na tisa sasa, kila katuni inayoletwa kutoka nje ili itiwe maneno ya Kiswahili, ikiwa ndani yake mna kindi, kindi huyo anasema kwa kinywa cha mwanamke huyu. Mtaani wanamwita Mama Kindi, na jina hilo yeye hulipokea kama mtu aliyemiminiwa chai ya moto kiganjani.

Kazi yenyewe aliiingilia mlango wa nyuma. Alikuwa akifagia pale studio, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Siku moja dada aliyekuwa akisema kindi akaja na mafua, sauti imezama kabisa. Mfagiaji, akiwa kule nje kwenye korido, kwa utani tu, akayasema yale maneno aliyokuwa akiyasikia asubuhi nzima kupitia mlangoni, kwa sauti ileile ya kindi. Mlango ukafunguliwa. Mkubwa wa studio, ambaye wote humwita Bwana Tena kwa kuwa neno hilo ndilo analolitoa mdomoni kuliko mengine yote, akamtazama yeye na ufagio wake, akasema, "Tena." Ufagio akauegemeza ukutani, na mpaka leo hajaurudia.

Kusoma hajui sana. Herufi anazijua mojamoja, kama unavyozijua sura za watu wa mtaani usiowajua majina. Zikikusanyika pamoja zinamvuruga. Kwa hiyo fundi mitambo humsomea sentensi masikioni kupitia hedifoni, naye huirudisha papo hapo, mdomo wa kindi unapofunguka kwenye skrini. Sauti ya kindi ina siri yake. Unabana ulimi nyuma ya meno ya juu, unavuta pumzi nusu, kisha unayamwaga maneno yote kwa mkupuo kabla pumzi haijakwisha. Bwana Tena huwarudisha waigizaji wengine mara kumi na tano kwa sentensi moja. Yeye hamrudishi. "Safi," humwambia. "Kindi amepita."

Amekuwa kindi wa kila namna. Kindi mwenye kizibao aliyeuza siri za msitu mzima. Kindi aliyetaka kufika mwezini kwa kombeo. Kindi aliyegongwa na treni mara nne akainuka mara nne, mkia umesimama kama brashi ya chupa. Na kila alipotoka studio alitoka na hasira, akashuka ngazi akinung'unika peke yake hadi chini kwenye makopo ya rangi.

"Kindi wa sinema hazeeki," humwambia yeyote aliye tayari kumsikiliza, na hata asiye tayari. "Haugui. Hana mama, hana mazishi ya kwenda. Anakimbiza karanga moja tangu mwanzo hadi mwisho, na akiipata inamponyoka. Simba akilia, ukumbi wote kimya. Kindi akilia, watu wanashika mbavu. Na hizo filamu za watu halisi ndiyo kabisa. Kindi anapita dirishani, anaiba mkate, mwenye nyumba anapiga ukelele, basi, humwoni tena."

Alichokitaka ni kidogo. Alitaka, kabla hajafa, aseme kama mtu. Mara moja tu, afumbue mdomo pale kwenye maikrofoni na itoke sauti ya mwanamke mzima. Alishaomba. Aliomba mama wa shujaa, akanyimwa. Aliomba muuza samaki aliyekuwa na maneno sita, akanyimwa. Jibu ni lilelile: "Sauti yako watoto wanaijua, mama. Wataona muuza samaki, watatafuta mkia."

Basi simu ilipokuja, alikuwa ameinama anachambua mchele. Bwana Tena mwenyewe.

"Mama, safari hii si katuni. Filamu ya watu. Kuna bibi mjane anaishi peke yake, na kuna kindi anayeingia jikoni kwake. Yaani filamu nzima ni hao wawili. Kazi yako kabisa hiyo. Maandishi nayatuma leo, rekodi Jumatatu ya wiki ya pili."

"Nimesikia, mwanangu," akasema, na sinia la mchele akalitua taratibu.

Maandishi yalipofika aliyabeba kama yalivyo, kwenye bahasha, mpaka kwa binti wa kaka yake, fundi cherehani anayeshona sare za shule katika chumba chenye dirisha moja. Msichana huyo ndiye macho yake. Barua za hospitali, karatasi za umeme, vyote humsomea yeye.

"Shangazi, niache leo," binti akasema. "Nina masketi arobaini ya kukabidhi. Shule zinafungua."

"Wewe shona. Mdomo si haushoni?"

Binti akacheka, akaibana karatasi kwenye meza ya cherehani kwa mkasi, akaanza kukanyaga huku anasoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaacha kukanyaga.

"Mbona maneno yote ya bibi?"

"Na kindi?"

"Kindi hana neno hata moja. Imeandikwa tu hapa, kindi analia. Kindi anatafuna. Kindi anatazama."

Shangazi mtu akaipima habari hiyo kila upande kama anavyopima nyama buchani. Kindi hana neno. Yeye ameitwa. Karatasi zimejaa maneno ya bibi mjane. Sasa mtu angewaza nini kingine?

"Wamenipa bibi," akasema.

"Walikuambia?"

"Wewe soma."

Siku kumi na mbili walifanya hivyo. Binti anakanyaga cherehani na kusoma, shangazi amekaa kwenye kigoda katikati ya vipande vya kitambaa cha bluu, anarudia. Cherehani ikikimbia, maneno yalikimbia. Binti akisimama kugeuza pindo, maneno yalisimama. Sindano ikishuka tena, maneno yalianza tena. Akayameza yote, tangu pale bibi anapomfukuza kindi kwa kitambaa cha vyombo, hadi pale anapomtafuta uani siku tatu bila kumwona.

Palikuwa na sehemu moja iliyomkaa zaidi. Kindi ameingia, ameruka juu ya kiti cha mume wa bibi, kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu mzee afariki. Bibi anataka kumpiga, anaghairi. Anasema, "Hicho kilikuwa cha mzee. Kaa. Ila usikizoee."

Na yeye kwake kiko kiti cha namna hiyo. Kiko pembeni ya redio, kimewekewa nguo za kunyooshwa, mwaka wa nane huu. Hajapata kusema neno juu ya kiti kile, kwa binti wala kwa mwingine. Lakini binti alipoisoma mara ya kwanza, shangazi alimwambia airudie, na mara ya pili akamwambia airudie, mpaka binti akauliza kama masikio yameanza kuziba.

"Masikio yangu mazima. Macho yako ndiyo yanakimbia."

Jumatatu alivaa gauni lake la kwenda kwa watu. Bangili akaziacha nyumbani, maana maikrofoni ya pale husikia hata unavyofikiri. Akapanda ngazi bila kupumzika katikati, akaingia.

Kwenye kigoda cha pale studio, kilichofungwa blanketi ili kisilie, mbele ya maikrofoni, amekaa mwanamke mwingine. Mdada wa miaka thelathini, kucha zimepakwa rangi, aliyekuwa akisoma matangazo ya sabuni redioni. Pale studio walikwisha kumpa jina la Mtangazaji. Mbele yake karatasi. Kwenye skrini bibi mjane amesimama jikoni na kitambaa cha vyombo, mdomo wazi, anangoja sauti.

"Shikamoo, mama," mdada akasema na kuinuka kidogo.

"Marahaba. Huyo bibi ni nani anayemsema?"

"Mimi, mama."

Mama Kindi akamgeukia Bwana Tena, aliyekuwa nyuma ya kioo na fundi mitambo wake. Akaingia kulekule bila kubisha hodi.

"Mwanangu, mimi umeniitia nini?"

"Kindi, mama. Nilikuambia kazi yako kabisa."

"Kindi hana neno hata moja. Nimesomewa karatasi zote."

"Hana neno, lakini ana milio. Tumeihesabu. Arobaini na mitatu."

Fundi mitambo akajitia kushughulika na nyaya. Mama Kindi akasimama pale na gauni lake la kwenda kwa watu, maji ya uso yamemshuka.

"Yaani mimi mwenye miaka yangu nimtolee sauti kindi, na yule mtoto wa kucha awe bibi."

"Mama, tulikwisha kulizungumza hili."

"Wewe ulilizungumza. Mimi nilikuwa nakusikiliza."

"Naomba ukae. Tuanze na bibi, milio yako baadaye."

Angeweza kuondoka. Miguu ilitaka. Lakini ni mtu wa kichwa kigumu, na alitaka asikie kwa masikio yake huyo bibi wa miaka thelathini anavyotoka. Akakaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani.

Akatoka bibi wa ajabu. Mdada aliitetemesha sauti kama bati lililolegea, akavuta kila neno, akakohoa pasipo na kikohozi. "Ondokaaa, kindi weee." Bwana Tena akasema tena. Bibi akatetemeka upya. Tena. Saa nzima hawajatoka jikoni. Na Mama Kindi pale kwenye benchi kila neno analijua, linampanda kooni, analimeza, linapanda lingine. Mara mbili midomo ilimcheza yenyewe, akaifunika kwa leso.

Wakafika kwenye kiti. "Hichooo kilikuwa cha mzeee," mdada akasema, kwa kilio kabisa. "Kaaa. Ila usikizoeee."

"Tena," akasema Bwana Tena.

"Hichooo..."

"Tena. Mbona unamlilia kindi?"

"Ni mjane, bwana. Anamkumbuka marehemu."

"Marehemu amekufa zamani," Mama Kindi akasema kutoka benchini. Wote wakageuka. Akainuka, mkoba akauacha. "Nipe mimi mara moja. Moja tu. Ikikataa, nitawalilieni kindi wenu mpaka mseme basi."

Bwana Tena alikuwa amechoka, na saa ilikuwa inakwenda. Akakuna shingo. "Haya. Mpishe."

Mdada akampisha. Mama Kindi akasimama, kukaa alikataa. Hedifoni hakuihitaji, kwani ya kusomewa nini? Bibi kwenye skrini akakitazama kiti. Mama Kindi akavuta pumzi, na alipouona mdomo wa bibi umefunguka akasema maneno yake kwa sauti yake mwenyewe, sauti anayoombea chumvi kwa jirani, bila kubana ulimi, bila kuchezesha kitu. Aliyasema vizuri. Alijua ameyasema vizuri. Alisikia mpaka kifuani.

"Turudishie," akasema Bwana Tena.

Fundi mitambo akarudisha. Bibi akatazama kiti. Akafumbua mdomo.

Maneno yakatoka mbio, yote kwa mkupuo, yakakatika ghafla, yakatoka mengine mbio, yakakatika; na yalipokwisha, mdomo wa bibi ulikuwa bado uko katikati ya sentensi, unafunguka na kufumba bila kitu. Mabega ya fundi mitambo yakaanza kuruka. Akajishika, akainamia mitambo yake. Mdada wa kucha hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Mama Kindi zaidi.

Kwa maana hata yeye mwenyewe alisikia. Macho yalimwona bibi mjane mwenye mvi. Masikio yalimsikia kindi mwenye kizibao.

"Rudisha," akasema.

Wakarudisha. Kindi.

"Rudisha tena."

"Mama," Bwana Tena akasema polepole, "sauti ni yako. Hakuna aliyeichezea."

"Ni cherehani," akasema.

"Nani cherehani?"

Hakumweleza. Angemwelezaje? Kwamba mtoto alikuwa na masketi arobaini, kwamba hizo si mbio za kindi, ni mbio za pindo? Hata yeye mwenyewe alipolisema alilisikia lina mashaka. Siku kumi na mbili za cherehani, sawa. Na miaka kumi na tisa ya pumzi nusu, nayo umsingizie nani? Alijaribu kukumbuka alikuwa anaongeaje zamani, alipokuwa mfagiaji, alipokuwa anamwita mumewe kula. Hakuipata ile sauti. Ni kama kutafuta sindano kwenye kapu la nguo: unajua imo, lakini kila unapopapasa unashika kitambaa.

Akaiweka hedifoni kichwani, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Leteni huyo kindi."

Na kindi alikuwa kindi wa kweli, mnyama hasa, si wa kuchorwa. Ana jicho jeusi linalong'aa na sikio moja limechanika. Hatabasamu. Hana kizibao. Mama Kindi akamlilia milio yote arobaini na mitatu, mmoja baada ya mwingine: wa kutafuna, wa kutishika, wa kumtukana bibi kutoka juu ya kabati. Huu wa matusi alimtolea Bwana Tena macho kwa macho kupitia kioo, mrefu, mkavu, meno yamebanana, na kama kungekuwa na maneno ndani yake yasingetafsirika hapa.

"Safi," akasema Bwana Tena alipomaliza. "Kindi amepita."

Tena hakuambiwa. Hata mara moja. Siku hiyo angependa aambiwe.

Alikuwa amefika kwenye ngazi mdada alipomkimbilia.

"Mama, samahani. Ile ya kiti. Mimi naona inanishinda. Wewe ulitaka itoke vipi?"

"Soma karatasi yako. Si unajua kusoma?"

Mdada akainamisha kichwa. Mama Kindi akashuka ngazi tatu, akasimama, akashika reli. Hakugeuka.

"Acha kutetemesha," akasema. "Mimi nina sabini na miwili, umeniona wapi nikitetemeka? Na huyo bibi hamlilii mtu. Amezuiwa kumpiga kindi na mkono wake mwenyewe, basi ana hasira na mkono."

"Ahsante, mama."

"Na ukikata kucha hizo utageuza karatasi bila kelele."

Alifika kwa binti wa kaka yake jua bado kali. Masketi yalikuwa yamekwisha kwenda. Sasa ni mashati, rundo jeupe hadi usawa wa dirisha. Binti alikuwa anakanyaga.

"Enhe, bibi mjane. Umewapa?"

"Acha cherehani."

"Shangazi, mashati haya..."

"Nimekwambia acha. Miaka yote hiyo unanisomea kama unafukuzwa na mbwa."

Binti akaondoa mguu. Gurudumu likazunguka lenyewe mara mbili tatu, likasimama, na chumba kikawa kimya mpaka wakasikia maji yanayochuruzika bombani uani. Akamtazama shangazi yake, gauni, leso iliyokunjwakunjwa mkononi, akaelewa alichoelewa.

"Walimpa mwingine?"

"Walimpa."

"Basi tunasoma ya nini?"

Shangazi akakivuta kigoda, akakaa, akaitoa bahasha mkobani na kuigonga gotini ili karatasi zijipange. Akampa ule ukurasa. Kwenye kona yake binti mwenyewe aliwahi kuchora kiti kwa kalamu ya chaki ya kushonea, ili shangazi autambue bila kusoma.

"Shati unaweza kulishona kwa mkono?"

"Vifungo naweza."

"Shona vifungo. Nisomee. Polepole."

Binti akatunga uzi, akatia kifungo cha kwanza, akasoma sentensi moja. Shangazi akairudia. Ikatoka mbio, ikakatika.

Binti akaisimamisha sindano hewani.

"Tena," akasema shangazi.